Bingwa Azungumza Juu ya Filamu ya Rangi

Waheshimiwa viongozi wa kilima, wazee wangu, akina mama mlioacha ndagala juani kwa ajili yangu, na nyinyi vijana wenye simu: karibuni Gitaza, ingawa wenyeji ni nyinyi na aliyechelewa ni mimi. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua filamu ya rangi kwa picha za watu. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe. Nilikataa mara ya kwanza, lakini nilivyozidi kujibembeleza nikaona haya, nikakubali.

Kabla ya filamu, mjue anayezungumza. Nimefanya kazi katika mikoa mitatu. Nilianza hapa hapa katika tarafa yetu ya Muhuta, ikiwa Bujumbura Vijijini. Mwaka 2015 mkoa wa Rumonge ulipoundwa, nikaendelea na Rumonge. Na mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilipopunguzwa ikawa 5, nikaingia katika mkoa wangu wa tatu. Mwenzangu angehitaji lori la kuhamia. Mimi sikusogeza hata kigoda.

Studio yangu mnaijua. Chumba kimoja, hakina dirisha, kina balbu moja, na ukutani pazia lililochorwa ziwa, michikichi na mtumbwi. Wapo wasionitakia mema wanaouliza kwa nini mteja aketi mbele ya ziwa la rangi ya mafuta wakati Tanganyika yenyewe, yenye kina cha mita 1,470, iko ng'ambo ya barabara na haitozi kiingilio. Nawajibu: nendeni Likoni, Mombasa, mkaulize wapiga picha wa kivukoni walijulikana kwa nini. Mapazia ya kuchorwa! Naye Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio pale Unguja mwaka 1930, alifika mbali sana kwa mtu ambaye hakubahatika kuniona nikifanya kazi.

Ni kweli kwamba wateja wangu wa studio hutoka wakiwa na rangi ya chungwa. Kuna familia moja ilipeleka picha kwa ndugu zao Kigoma, wakapigiwa simu kuulizwa nani anawatibu manjano. Lakini hilo ni kosa la...

Naam, binti? Huyu ni binti kutoka Rumonge mjini, amekuja na daftari. Anasema filamu za kawaida zimetengenezwa kwa mwanga wa mchana, kama nyuzi 5,500 za Kelvin, na balbu ya waya iko chini sana ya hapo, ndiyo maana kila kitu huwa cha manjano. Kwamba ningeweka kichujio cha buluu mbele ya lenzi, au ningemtoa mteja nje tu. Andika hayo, binti, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naelekea kuyasema. Nilikuwa nimefika Kigoma.

Sasa historia. Pale Mugere, mkielekea Bujumbura, kuna mwamba umechongwa jina la Livingstone, jina la Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Nimesimama mbele ya mwamba ule nikahuzunika. Watu wakubwa wawili, ziwa nyuma yao, na hakuna picha hata moja ya rangi! Ukoo wetu ulikuwa hapa hapa. Hatukuitwa. Kijana wa nyuma anasoma kwenye simu kwamba filamu ya kwanza ya negativu ya rangi kwa watu wa kawaida, Kodacolor, ilitoka mwaka 1942, yaani miaka 71 baadaye. Sawa, mwanangu. Sikusema tungepiga. Nimesema hatukuitwa.

Turudi kwenye boksi la filamu. Juu yake mtaona namba ya ASA: 100, 200, 400, 800. Mimi huchukua 800 bila kuuliza. Mtu akikuwekea mawese lita 5 na lita 20 kwa bei moja, utachukua 5? Haya. Binti ameinua mkono tena. Anasema namba hiyo si kipimo cha ubora, ni kipimo cha jinsi filamu inavyohisi mwanga. Kwamba inavyopanda ndivyo chembe zinavyozidi kuonekana usoni. Kwamba kwa jua la saa sita katika mwambao huu ASA 100 inatosha kabisa, ukifunga lenzi mpaka f/16 na kasi ya 1/100 ya sekunde. Na 800 yangu aitumie nani? Anasema anayepiga picha jioni, au kanisani. Basi mimi hupiga saa sita nikiwa na roho ya jioni.

Kuhusu chapa, sina upendeleo. Natumia Kodak Portra tangu 1989. Simu hiyo inasema ilitoka 1998? Hapo ndipo mnapoona tofauti ya bingwa na mwanafunzi: mwanafunzi husubiri itoke. Ilikuja ya 160 na ya 400, na kila moja ikiwa na sura mbili: NC ya rangi tulivu na VC ya rangi kali, mpaka zilipounganishwa, ile ya 400 mwaka 2010 na ile ya 160 mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa mtu wa VC. Mteja akilipia rangi, apewe rangi zote. Kuna bwana harusi wa Gitaza alitoka na midomo myekundu kuliko ya mkewe, na mama mkwe hajalisahau jambo hilo. Binti ananong'ona kwamba NC ndiyo iliyokuwa ya ngozi za watu. Binti, una mama mkwe? Basi.

Kusafisha. Filamu hizi zote husafishwa kwa njia iitwayo C-41, na kama jina linavyoonyesha, dawa huchemshwa mpaka nyuzi 41. Mnacheka nini? Nimesafisha koo nzima nzima kwa nyuzi 41. Eti 37.8, kwa dakika tatu na sekunde 15, na C-41 ni jina tu la utaratibu uliotoka 1972. Kama mbingu zilitoka zambarau katika picha zangu, nawakumbusha kuwa mlikuwepo siku ile. Kuna aliyeangalia juu?

Nifike kwenye ngozi, kwa sababu hapa nina machungu. Miaka mingi maabara za dunia zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Waliiita Shirley, kwa jina la mfanyakazi wao wa mwanzo aliyekaa mbele ya kamera. Shirley akitoka vizuri, kila mtu alihesabiwa ametoka vizuri, hata kama wewe umebaki macho na meno. Na filamu ilipoanza kurekebishwa ili ione vizuri rangi za kahawia, waliosukuma si sisi. Walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wauza samani, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Kabati lilisikilizwa kabla ya bibi yangu! Jambo hili liliniuma nikatupa kadi ya Shirley, nikatengeneza kadi ya Kiafrika. Nimeibandika picha yangu mwenyewe, ya paspoti. Tangu siku hiyo mteja yeyote hasafishwi mpaka mimi nitoke vizuri.

Nisimulie harusi moja ili muone elimu ikitembea. Saa kumi na moja na nusu jioni, jua linashuka milima ya Kongo, ziwa linawaka. Nikawapanga maharusi, ziwa likiwa nyuma yao. Shela jeupe, maji meupe, kipimamwanga kimefurahi. Nyuso zikatoka nyeusi tititi. Upande wa bwana harusi wakadai niwaonyeshe yupi ni nani. Niliandika barua ya kulaumu filamu. Binti, najua, najua, sema. Anasema kipimamwanga kiliona shela na maji kikadhani mwanga ni mwingi, kikaunyima uso. Kwamba negativu ya rangi husamehe mwanga uliozidi hata mara nne, lakini uliopungua haisamehe. Kwamba filamu ya 400 ningeiwekea 200 kwenye kamera, nikapima shavuni. Na kwamba kabla ya yote hayo ningewaambia tu wageuke, jua liwapige usoni. Wageuke! Na nyuma yao ingeonekana nini? Milima ya Burundi! Nani hapa atalipa kuiona milima ya Burundi?

Shusheni mikono.

Hata hivyo katika harusi ile nilikuwa mwangalifu. Katikati ya sherehe nilifungua mgongo wa kamera, palepale juani, kuhakikisha bibi harusi hajafumba macho. Ubora haupatikani kwa kubahatisha. Binti ameweka kalamu chini, ameshika kichwa, nadhani ameguswa.

Mwisho, utunzaji. Filamu isiyosafishwa ikae kwenye baridi, na hilo hata yeye anakubali. Zangu ziko kwenye friji la jirani, chini ya sangala, na umeme ukikatika huwa naziombea. Mmeniuliza nitazisafisha lini. Nitazisafisha mahitaji ya kitaalamu yakikamilika, na mahitaji hayo ni dawa, mashine na nauli.

Sasa maswali, ya kiufundi tu. Mama uliyebeba kapu, naona umesimama. La kiufundi? Anasema ndiyo: anataka kujua ni kwa ufundi gani nilikula advansi yake ya ubatizo, mtoto sasa anaota ndevu.

Binti, hebu njoo umjibu mama.