Ndoa Kumi Batili

Mpwa wangu yuko kidato cha tano, na kosa langu lilikuwa kumwambia kwamba enzi zetu kemia nilikuwa naila kama mkate. Jumapili usiku akaniletea daftari: taja jozi za asidi na besi katika milinganyo mitano. Wa kwanza ulikuwa wa amonia na maji:

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Nikashika kalamu kwa madaha. Amonia na maji wamekaa upande mmoja, wameunganishwa na alama ya kujumlisha. Kama hao si mke na mume, ni nani basi? Waliobaki upande wa pili nikawaozesha wenyewe kwa wenyewe. Milinganyo mitano, ndoa kumi, nikaenda kulala.

Jumatatu jioni daftari lilirudi na sifuri iliyozungushiwa wino mwekundu mara mbili. Mimi pia nilirudi na pungufu. Daladala la Gongo la Mboto lilijaa hadi konda ananing'inia mlangoni, na kijana mmoja mstaarabu alinisaidia kubeba mkoba wakati nashuka. Akanisaidia na simu pia.

"Pole, mjomba," mpwa wangu alisema, kisha uso ukamchangamka kupita kiasi. "Lakini sasa utaelewa. Simu ndiyo protoni, H⁺. Asidi ni anayetoa protoni: wewe. Besi ni anayepokea: kibaka. Haya, jozi ni nani na nani?"

"Mimi na kibaka," nikajibu kwa uchungu.

"Hapana. Nyinyi mmekutana tu. Jozi ni wewe wa asubuhi na wewe wa jioni. Mtu yuleyule, tofauti ni simu moja. Na kibaka hivyohivyo: mwenye mikono mitupu, na mwenye simu yako."

Tukarudi kwa amonia. Maji yametoa protoni, yamebaki OH⁻, hiyo jozi. Amonia imepokea, imekuwa NH₄⁺. Jozi ya pili. Kumbe jozi huvuka mshale, na mimi nilikuwa nimeozesha watu waliokutana kituoni.

Mlinganyo wa pili ulikuwa HCl ndani ya maji, na humo maji yamepokea protoni, yamegeuka H₃O⁺. Nikalalamika kwamba sasa hivi tu yalikuwa yanatoa. Akasema maji hutegemea yamekutana na nani. Hapo sikubisha. Nina jirani wa namna hiyo: akija kwangu anakopa chumvi, akienda nyumba ya pili anakopesha.

Nikajaribu mwenyewe: H₂SO₄ na SO₄²⁻, jozi! "Hapo zimepotea mbili, mjomba. Inatakiwa moja." Mwenza wa H₂SO₄ ni HSO₄⁻, na SO₄²⁻ ni mwenza wa huyo HSO₄⁻. Yaani hata kama ningekuwa na simu mbili, kemia inataka niibiwe kwa utaratibu, moja baada ya nyingine.

Hoja hii ya kutoa na kupokea protoni ilitolewa mwaka 1923 na watu wawili, Brønsted kule Copenhagen na Lowry kule Uingereza, kila mmoja kivyake. Hawakuhitaji kupigiana simu. Niliona wivu.

Jambo la mwisho alilonionyesha ni mishale. HCl ina mshale wa upande mmoja: ikiingia kwenye maji inaachia protoni karibu zote, na Cl⁻ inayobaki haina nguvu ya kudai chochote. Mlinganyo wa amonia una mishale miwili, kwa sababu humo protoni inakwenda na kurudi.

Kwa hiyo ndugu yangu wa daladala, kama unasoma hapa, kioo kimepasuka kona ya kushoto na betri haifiki saa sita mchana. Tufuate amonia. Simu baki nayo, nirudishie laini tu.