Goti la Akhwari
Kiangazi cha Karagwe kikianza tu, kila mwenye goti bovu anageuka Akhwari. Ni kweli, mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari aliumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki Mexico mwaka 1968, akafungwa bendeji, akamaliza wa 57, yaani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Lakini yeye alitumwa na taifa. Wewe, ndugu yangu, nani kakutuma Kyerwa saa saba mchana, kwenye vumbi la barabara ya Omurushaka–Murongo? Daktari kasema pumzika. Umemjibu kwa kununua raba mpya. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, kavaa kandambili, kakupita mlimani na pole kakupa. Bodaboda naye anakufuata polepole tangu kilima cha kwanza, mtulivu kama fundi majeneza.