Chemko Limekwenda Wapi?

Pale Katoro, barabarani kabisa, kuna baa mbili zinazotazamana. Kila moja imetoa nje spika zenye kimo cha mtu mzima, na kila moja inapiga muziki wake. Nilikaa katikati yao Jumamosi iliyopita nikisubiri gari la Geita mjini. Sikio la kulia lilipata singeli, la kushoto amapiano, kifua kikapata vyote viwili kwa pamoja. Nimewahi kuishi jirani na karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Karasha lina adabu: viroba vikiisha, linanyamaza.

Mpwa wangu ana hisa katika duara moja la dhahabu huko Nyarugusu, kwa hiyo ana fedha na ana maoni. "Mjomba," akaniambia kwa kupaza sauti, "huo ndio ushindani. Soko huria hilo."

Soko huria! Usukumani ushindani wa aina hiyo ulikuwapo kabla hata ya hilo soko. Chama cha ngoma cha Bagika upande huu, cha Bagalu upande ule, mavuno yakishaingia ghalani. Wote wanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Lakini ili uwavute watu ilibidi utoke jasho. Wengine walicheza na nyoka, wengine walirusha majembe hewani na kuyadaka bila kukosea mapigo ya ngoma. Hawa wa Katoro wamezitoa spika zikashindane, wenyewe wamebaki ndani wanachezea simu.

Sina ugomvi na vijana. Ugomvi wangu unahusu chemko.

Wimbo wa dansi ulikuwa na sehemu mbili, na kila sehemu na kazi yake. Kwanza unaanza taratibu: mwimbaji anakusimulia mke aliyeondoka, shemeji mchonganishi, mshahara ulioisha kabla mwezi haujachangamka. Hapo mnacheza huku mnazungumza, mnaulizana nyumbani ni wapi na shule ni ipi. Kisha, baada ya dakika tatu au nne, waimbaji wanarudi nyuma, gitaa la solo linapanda, tumba zinakaza, na ukumbi mzima unajua limefika. Ndilo chemko hilo. Umelisubiri, umelitolea jasho la mawazo. Leo wimbo unaanzia kwenye chemko, halafu DJ anaukata kabla hujajua mguu gani utangulie. Watu wanapelekwa kileleni bila kupanda mlima, na bado wanahema!

Sisi Shinyanga mjini, miaka ya themanini, tulianzia disco toto. Idd, Krismasi, Pasaka, ukumbi unafunguliwa mchana, mapazia yanashushwa ili iwe usiku wa kulazimisha, na kabla ya magharibi kila mtu ameshafukuzwa. Mlangoni anasimama mgambo mwenye fimbo, kazi yake kuzuia wazamiaji. Wazamiaji walipitia dirisha la choo, na ulikuwa ukiwatambua ndani kwa harufu.

Kiingilio kilikuwa na soda yake. Watoto kutoka Mwadui walikuja na viatu vinavyong'aa, kwa kuwa baba zao walikuwa kwenye mgodi wa almasi wa Williamson. Mgodi huo ndio uliotoa ile almasi ya waridi mwaka 1947, zaidi ya karati 54 kabla ya kukatwa, ikapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, hajawa malkia bado. Sisi tuliozaliwa jirani na shimo lenyewe tulipata Fanta moja, na chupa irudishwe.

Kwa nusu saa ya mwanzo wavulana walikuwa ukuta huu na wasichana ukuta ule, katikati anacheza mtoto mmoja wa miaka sita asiyejua kuna tatizo. Ikipigwa ya Kizaire, kuta zinaachwa. Ikipigwa bluzi, ghafla wasichana wote wana kiu, na foleni ya soda inafika mlangoni.

Muziki wenyewe hasa, wa bendi, ulikuwa wa wakubwa. Gari la matangazo linazunguka mji mchana kutwa likiahidi burudani hadi majogoo. Bendi za Dar zilifuata fedha za pamba, na Tabora ilikuwa hapo tu kwa treni, na Tabora Jazz yake na mtindo wa Segere Matata. Sisi tusio na umri wala fedha ya kiingilio tulikaa nje ya ukuta tukisikiliza bure. Uzuri wa ukuta ni kwamba hauzuii gitaa la besi. Tulijua mpiga solo ametoka bendi gani kabla hatujamwona. Mwimbaji Gurumo alipoiacha bendi ya Sikinde mwaka 1985 akaenda Safari Sound, kijiweni kwetu watu wawili waliacha kusalimiana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kufika Dar.

Kurudi nyumbani ilikuwa kazi nyingine. Walinzi wa sungusungu walikuwa bado wapya, na hawakuwa watu wa kumweleza saa nane usiku kwamba ulikuwa unafuatilia tumba.

Basi mpwa wangu, ili kunipoza, akanipeleka klabu moja Geita mjini. Usiku wa zilipendwa, aliniambia. Kiingilio elfu ishirini, soda haimo. Ukitaka kukaa, unanunua meza. Ukinunua meza, unanunua na chupa ambayo hukuiomba. Jukwaani hapakuwa na bendi, alikuwapo kijana mmoja na kompyuta yake, ameinua mkono mmoja juu muda wote kana kwamba ndiye anayezuia dari lisianguke.

Nilimfuata, nikamwomba Sikinde. Akanipa heshima zote, "Shikamoo mzee, usijali." Na kweli akaiweka. Magitaa yakaingia, waimbaji wakaingia, nikavua koti, nikampa mpwa alishike. Mama mmoja wa rika langu alisimama meza ya pili, tukaitana kwa macho tu. Tulikuwa bado kwenye yale maneno ya mwanzo, tunazunguka taratibu, mimi namuuliza, "Mayu, nyumbani ni wapi?" naye amefungua mdomo anijibu, king'ora kikalia na singeli ikashuka.

Nikamrudia kijana wa kompyuta. Akaniinamia sikioni: "Mzee wangu, ule wimbo ulikuwa unachelewa kuanza."

Nilichukua koti langu, nikatoka nje nikaita bodaboda. Ilikuwa na spika chini ya kiti na taa za rangi tatu. Dereva akaniuliza kwa upole napenda muziki gani. Nikamwambia azime, na nauli nitaongeza.