Namna ya Kuilaghai Fizikia Ndani ya Simu Nyembamba

Sogea karibu, fundi. Mnunuzi anataka simu nyembamba, kioo hadi ukingoni, na antena asiione kabisa. Tena ishike mtandao kuanzia 700 MHz hadi 2,700. Wimbi la 700 lina urefu wa sentimita 43 hivi, na robo yake, ambayo antena ya kawaida huidai, ni karibu 11. Wewe umeachiwa kipembe cha ukubwa wa kidole gumba. Hapo hila si aibu, ndiyo kazi yenyewe.

1. Usibishane na Chu, mtaalamu wa antena. Tangu 1948 alionyesha kuwa ukiipunguza sana antena, upana wa masafa unapungua nao, la sivyo utalipa kwa ufanisi. Amua mapema utakacholipa.

2. Ikunje. Ilaze sambamba na ubao wa saketi, upande mmoja uunge na ardhi ya ubao. Sehemu kubwa ya kimo imeshafichika.

3. Sasa iba ubao wenyewe. Hii ndiyo hila tamu kuliko zote, na wengi huchonga kipande cha shaba miezi mizima bila kuijua. Kwenye masafa ya chini, kipande hicho hurusha kidogo tu; mrushaji mkubwa ni bati la ardhi, refu karibu sawa na simu. Kipande kinalichochea. Basi kiweke nchani mwa ubao, usikiweke katikati. Na mbunifu wa umbo akitaka kufupisha simu, mkatalie: anakukatia antena.

4. Usizishike bendi zote kwa mpigo. Tia swichi ya kubadili koili na kapasita, antena ihamie bendi inayotumika.

5. Ridhika na desibeli 6. Robo ya nguvu itarudi ilikotoka, na kwenye simu hilo linakubalika. Ila plastiki inayokula mawimbi usiiguse. Grafu ya nguvu inayorudi itapendeza, kumbe nguvu imegeuka joto, na anayelaghaiwa ni mteja. Pima ufanisi kwenye chumba kisicho na mwangwi.

6. Pima simu ikiwa mkononi na shavuni. Mwaka 2010 kiganja kilipogusa mwanya wa fremu ya iPhone 4, mtandao ulishuka. Apple ikagawa makava bure, ikakiri pia kuwa vimistari vya mtandao mara nyingi vilionyeshwa viwili zaidi ya ilivyostahili. Weka antena ya pili ncha ya pili, simu ihamie huko yenyewe kiganja kikiziba ya kwanza.