Simba Aliyekanyagwa na Swala

Fundi wa Kisarawe angecheka palepale ningemshukuru. Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, kama daktari aliyeletewa mgonjwa kachelewa, akasema, "Mzee wangu, hii imepigwa nyundo tu."

Hiyo ni juzi Jumamosi. Sarafu niliipata kwenye chenji ya vitumbua pale Maili Moja, Kibaha: mia mbili ya kawaida, huku Mzee Karume, huku simba. Ila shavuni mwa Mzee Karume zilikuwa zimezama tarakimu 001, zimegeuka kama unazisoma kwenye kioo, na pembeni yake miguu ya swala. Swala ni wa mia moja. Mia moja ndani ya mia mbili! Usiku ule sikulala. Hadi alfajiri nilishaezeka nyumba, nikapiga rangi, na nilikuwa nagombana na fundi wa vigae.

Nikaambiwa Kisarawe yuko fundi, kijana mchomeleaji, anayenunua hela za Mjerumani, zile zenye tundu katikati. (Ziliitwa heller, ndizo zilizotuachia neno hela; tangu 1904 heller mia moja zilikuwa rupia moja.) Nikapanda magari matatu, sarafu nimeifunga kwenye leso kama hirizi.

Kijana alianza kwa kunionyesha heller yake. Tundu lake limetoka nalo kiwandani: liko katikati kabisa, mdomo wake umeinuka kidogo, ukipitisha kidole ni laini. Tundu la keekee halina adabu hiyo. Huacha chuma kimechongoka upande wa kutokea, na mara nyingi hupita katikati ya herufi ya watu.

Halafu akaja kwenye yangu, na hapa nakiri nilisahau aibu, maana somo lilikuwa tamu. Sarafu huanza kama kibati cha duara kisicho na kitu. Huwekwa ndani ya pete, hubanwa na mihuri miwili, mmoja juu na mmoja chini, na sura zote mbili huzaliwa kwa pigo lilelile. Mara chache sana sarafu iliyokwisha pigwa hunasa kwenye muhuri wa juu. Kibati kinachofuata hukutana na sarafu badala ya muhuri, kikatoka na sura moja pande zote mbili: huku imeinuka sawasawa, huku imezama na kugeuka. Hiyo ndiyo kasoro ya kiwandani, na watu huilipia. Lakini ikitokea hivyo, sura ya upande wa pili haizaliwi kabisa. "Sasa wewe Mzee Karume yupo," kijana akasema, "na swala yupo juu yake. Aliyekuja juu kaja baadaye." Akaigeuza. Simba upande wa pili alikuwa amelala bapa, pua inang'aa, na ukingo umetanuka kama chapati. Sikuwa nimemtazama simba hata mara moja. Mtu anayejenga nyumba usiku hatazami upande wa pili.

Akaomba mia mbili nyingine na mia moja. Akatoa sumaku ya spika: mia moja ikarukia, mia mbili ikabaki imelala. "Chuma na laini. Mmoja lazima aumie." Akazilaza moja juu ya nyingine kwenye kipande cha reli anachotumia kama fuawe, akashusha nyundo mara moja. Nikapewa utajiri wa pili, bado una joto.

Konda wa kurudi alizikataa zote mbili. "Anko, hizi umetoa kwa sonara?" Gari zima likacheka.

Mke wangu kaweka moja chini ya mguu wa meza.

Lakini niseme jambo moja bila utani. Benki Kuu ilipoziondoa noti za zamani, ilitangaza, ikatoa miezi mitatu, kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Sarafu ya hamsini, yenye vifaru, hakuna aliyetangaza kifo chake. Ni halali mpaka leo. Jaribu kuitoa dukani. Muuzaji anayeikataa ndiye huyohuyo anayekurudishia hamsini yako kwa pipi, na ukimletea pipi kesho hazipokei. Na sarafu mbovu nazo: iliyogongwa, iliyotobolewa, iliyolazwa relini na watoto, zote hupenyezwa kwenye chenji ya giza la asubuhi, na anayebaki nazo ni mama wa vitumbua au mimi. Yule mama hakunitapeli; naye kuna aliyempa.

Nilisahau kusema kwamba fundi alinidai mia tano ya kazi ya nyundo. Nikampa sarafu ya nyati. Akaiinua juani, akaigeuza polepole huku na huku akitafuta yale maandishi yaliyofichwa ndani yake, na alipoyaona ndipo akaitia mfukoni.