Tufe, Kikombe na Imani ya Dereva

Kiungo cha tela ni sehemu ya gari iliyopewa kazi kubwa na heshima ndogo. Katika magari ya watu binafsi, kiungo hicho huwa na pande mbili: upande wa gari una tufe, ambalo ni chuma cha mviringo kilichokazwa kwa nati kwenye mhimili ulioshikizwa na chasisi, na upande wa tela una kikombe, ambacho hulifunika tufe hilo na kulibana kwa komeo la ndani. Mwenye gari anayejua bei ya kila ringi ya magurudumu yake hukijua kiungo hiki kwa ugoko tu, pale anapopita nyuma ya gari gizani akiwa amebeba mtungi wa gesi. Na hata siku hiyo analolitukana ni giza.

Ubaya wa kiungo hiki ni kwamba, kwa macho, kilichofungika na kisichofungika hufanana. Komeo linaweza kulia “ta!” wakati kikombe kimekaa juu ya tufe bila kulimeza, na mlio huo, ambao kwa fundi ni tetesi, kwa dereva huwa ni hukumu ya mahakama ya rufani; akishausikia hulipiga tela makofi mawili ya pongezi na kuingia garini. Jaribio la kweli ni rahisi. Baada ya komeo kufungwa, jeki ya mbele ya tela, ile yenye gurudumu dogo, huzungushwa kana kwamba tela linanyanyuliwa. Kikombe kikiwa kimelishika tufe, sehemu ya nyuma ya gari huinuka pamoja nacho, na kama hakikulishika, huinuka peke yake na kumwachia mtu aibu ndogo ya nyumbani badala ya kubwa ya barabarani. Jaribio hili halipendwi, kwa sababu humtaka dereva akitilie shaka kitu alichokwisha kukipongeza.

Kuna pia suala la vipimo. Ulaya hutumia tufe la milimita 50, lakini Wamarekani hupima kwa inchi, na matufe yao ya kawaida ni ya inchi 1⅞, 2 na 2 5/16, yaani takriban milimita 47.6, 50.8 na 58.7. Tofauti ya milimita tatu kati ya mawili ya kwanza haionekani na mtu aliyechuchumaa juani akiwa na haraka, na katika miji ya Afrika Mashariki, ambako gari laweza kuwa limetoka Japani, tela limechomelewa gereji ya jirani na kikombe kimenunuliwa kwa muuza vyuma chakavu, tufe na kikombe hukutanishwa bila yeyote kusoma namba zilizogongwa juu yake. Kikombe cha inchi 2 kikiwekwa juu ya tufe la inchi 1⅞ hukaa, hufungika, na hulifuata gari kwa utii kwenye barabara tambarare, hadi kwenye tuta. Tuta hukirusha kikombe juu, tufe huchomoka, na kwenye mteremko unaofuata, dereva anapokanyaga breki, tela, ambalo halina breki wala habari ya yaliyotokea, huendelea na safari. Dereva huona kwenye kioo cha pembeni kitu kinampita bila honi, hukasirika, na huwa ameshatamka neno la kwanza kuhusu malezi ya mwenye tela hilo ndipo anapolitambua godoro lake.

Kwa ajili ya siku hiyo kuna minyororo ya usalama, ambayo hupishanishwa chini ya kikombe ili kichwa cha tela kikianguka kidakwe kabla hakijachimba lami, na kwenye matela yenye breki zake kuna waya mwembamba ambao, tela likijitenga, huzivuta breki hizo na kulisimamisha. Vyote viwili hushikizwa kwenye sehemu imara ya gari, si kwenye tufe. Hata hivyo wapo wanaozungusha minyororo kwenye shingo ya tufe lenyewe, jambo ambalo ni sawa na mkwezi anayelishuku kuti kavu kisha akaifunga kamba yake ya kujiokoa kwenye kuti hilohilo.

Mzigo nao una siasa zake. Kwa desturi ya Marekani, uzito unaolikalia tufe huwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela, hivyo tela la kilo 1,000 hulikandamiza kwa kilo 100 hadi 150, ilhali magari mengi ya Ulaya huruhusu pungufu ya hapo. Ndiyo maana kibandiko cha mtengenezaji husomwa kabla ya kupakia, si baada. Uzito ukizidi mbele, mkia wa gari huchutama, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na taa kubwa huiacha barabara zikaanza kuwakagua popo miembeni. Ukizidi nyuma, tela huyumba kushoto na kulia, na hapo ushauri wa abiria wote, ambao ni kukanyaga breki kwa nguvu, ndio usiofaa. Dereva huondoa mguu kwenye mafuta, huushika usukani ukiwa umenyooka na kuuacha mwendo upungue wenyewe. Ni kazi ngumu kuifanya huku shangazi akisoma dua kiti cha nyuma.

Matunzo hayana mengi. Tufe hupakwa grisi ili chuma kisisage chuma, isipokuwa pale kikombe kina vibao vya msuguano vya kuzuia kuyumba, ambavyo hutaka tufe kavu; nalo la milimita 50 likichakaa hadi 49 hubadilishwa. Umeme ndio wenye vichekesho. Waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri, ukiliwa na kutu, umeme hutafuta njia nyingine kupitia balbu za jirani, na tela huwasha indiketa, breki na taa za usiku kwa mpigo mmoja, likiwaahidi walio nyuma kila kitu isipokuwa kile ambacho gari linafanya.

Sheria hazikubaliani kuhusu hadhi ya tela. Nchini Kenya husajiliwa kwa namba yake inayoanza na herufi Z, ilhali Uingereza tela dogo hubeba namba ya gari linalolivuta, na likivutwa na jingine kesho hubadili kibao. Waingereza waliwahi pia kuwataka waliopata leseni ya gari dogo kuanzia mwaka 1997 wafanye mtihani wa pekee kabla ya kuvuta tela zito, ikiwamo kurudi nyuma nalo, kulifungua na kulifunga tena, hadi tarehe 16 Desemba 2021, mtihani huo ulipofutwa ili watahini wapate nafasi ya kuwapima madereva wa malori, ambao walikuwa wamepungua. Kwa hiyo upo usiku mmoja ambao watu wengi walilala wakiwa hawawezi kurudisha tela nyuma na wakaamka wakiweza, kisheria.

Fizikia haikushirikishwa. Usukani ukikatwa kulia wakati wa kurudi nyuma, mkia wa gari huenda kulia na kulisukuma tela kushoto, na tela fupi hugeuka upesi kuliko refu, hivyo lile dogo linalodharauliwa ndilo linaloaibisha. Walimu hushauri mkono ushike sehemu ya chini ya usukani, kwani hapo mkono ukienda kulia tela nalo huenda kulia.

Elimu hii huonekana vizuri kwenye mteremko wa kushushia boti ufukweni. Kwanza hungojwa vitovu vya magurudumu vipoe, kwa kuwa kitovu chenye joto kikitumbukizwa baharini ghafla, hewa iliyomo hunywea na kuvuta maji ya chumvi ndani ya beringi. Kungoja huko huwapa watazamaji muda wa kujipanga. Gari likianza kurudi, mvuvi husema “Kata kulia!”, mlinzi “Kata yote!”, muuza madafu “Nyoosha!”, na kijana ambaye hajawahi kushika usukani huita “Njoo, njoo, njoo!” kwa sauti ya mkufunzi. Dereva huwatii wote kwa zamu, gari na tela hukunjana hadi ubavu wa tela uguse bampa, na kila mmoja hueleza kuwa yeye alisema kinyume. Boti ikishafika majini kwa jasho la watu wanane, injini hunguruma, maji hutoka povu, na boti haitoki. Ndipo mke wa dereva, aliyekuwa kimya tangu nyumbani, huuliza, “Baba watoto, ule mkanda unaoifunga kwenye tela umeufungua?”