Sifa za Sabufa ya Pili

Mnazi una washairi wake, jahazi lina wake, na mama hana upungufu wa watu wa kumwimbia. Sabufa ya pili haijapata hata mtu mmoja wa kuitetea mbele ya mwenye nyumba. Inanunuliwa Kariakoo, inapanda bodaboda ikiwa imekumbatiwa kama bibi harusi, inaingizwa chumbani gizani ili majirani wasihesabu maboksi, na kuanzia hapo inalaaniwa na kila mwenye ukuta. Mimi nimejitolea kuwa wakili wake.

Wabezaji huanza na swali: kwani ile moja haikutosha? Haikutosha, wala si tamaa. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa besi wa hezi 40 una wimbi la urefu wa mita 8 na nusu. Chumba cha kupanga ni futi kumi kwa kumi. Wimbi halina pa kujinyoosha; linagonga ukuta, linarudi, linapambana na linalokuja. Chumba cha mita 3 kina mlio wake, karibu na hezi 57, unaojazana kwenye kuta na kukauka katikati. Ndiyo maana mwenyeji aliyeegemea ukuta anatikisika hadi fizi, na mgeni aliyepewa kigoda katikati ya chumba anauliza kama redio imeharibika. Watu wawili, wimbo mmoja, na mmoja wao kanyimwa haki yake.

Sabufa ya pili inakuja kuondoa dhuluma hiyo. Iweke katikati ya ukuta unaotazamana na ule wa sabufa ya kwanza, zote mbili zisukume kwa pamoja, na ule mlio korofi unakosa nguvu, kwa kuwa kila sabufa inauvuta kinyume cha mwenzake. Mwaka 2002 Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya Harman ya Marekani, alitoa andiko lililouliza sabufa ngapi zinatosha. Jibu lake: mbili kwenye kuta zinazotazamana husawazisha besi vizuri, nne vizuri zaidi, na ukishapita nne faida ni ndogo. Msomaji apime mwenyewe. Kijana wa chumba cha tatu mwenye sabufa mbili amejinyima nusu ya anachoruhusiwa na sayansi, na bado anaitwa mfujaji.

Lakini fadhila yake kubwa haimo chumbani, imo kwa majirani. Nyumba zetu nyingi za uswahilini zina korido katikati, vyumba huku na vyumba kule, na kuta ambazo mara nyingi hazifiki kwenye bati. Sabufa ya kwanza ya kijana wetu iliegemea ukuta wa kushoto. Jirani wa kushoto akawa anafaidi peke yake: vikombe vinacheza kabatini, picha ya harusi inainama msumarini, mtoto anaamka saa sita usiku akiwa mchangamfu. Wa kulia akiambulia masalia. Ya pili ilipowekwa ukuta wa kulia, upendeleo ukaisha. Sasa wote wawili wanakutana asubuhi bombani wakiwa na macho mekundu na jambo moja la kuzungumza, hata wale ambao walikuwa hawasalimiani tangu mgogoro wa kamba ya kuanikia.

Isitoshe, pale ukuta unapofika juu, jirani anapelekewa muziki uliochujwa. Tribo, ile sauti nyembamba, ni dhaifu, ukuta wa tofali huipunguza sana, besi hupenya. Maneno ya wimbo, yawe ya mahaba au ya matusi, yanabaki kwa mwenye chumba, na jirani anapokea dum-dum safi isiyo na dhambi. Mzazi anayehangaika kuwakinga watoto na mashairi ya siku hizi angetafuta wapi huduma kama hiyo, tena bure?

Nasaba yake nayo si ya kudharauliwa. Mwaka 1974, filamu ya Earthquake ilipotoka Marekani, baadhi ya majumba ya sinema yalifungiwa mtambo wa Sensurround, wenye spika kubwa za besi za kuwafanya watazamaji walisikie tetemeko mwilini. Waliokaa ukumbi wa jirani wakitazama filamu nyingine walipata mtikisiko huo bila kuukatia tiketi. Ukarimu huo wa kuvuka ukuta, basi, ni wa kurithi.

Nani asiyejua kwamba sabufa hufundisha unyenyekevu? Mafundi wanashauri kwamba ukitaka kuipatia mahali, uipandishe kwenye kiti unachokalia, uwashe wimbo, kisha utambae kando ya kuta ukisikiliza wapi besi imetulia. Hapo ndipo pake. Sijui kifaa kingine cha nyumbani kinachoweza kumtembeza baba wa familia kwa magoti, shavu karibu na sakafu, mbele ya watoto wake, naye akashukuru.

Wapo wanaoisingizia kula umeme. Kweli, boksi lake linajigamba kwa PMPO ya maelfu ya wati, lakini kibandiko cha nyuma, kilichoandikwa kwa herufi za aibu, husema makumi tu. Pasi ya umeme inakula wati 1,000 kimyakimya, hita ya maji nayo vivyo hivyo. Hata hivyo LUKU ya kuchangia ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi, wapangaji wote hugeukia mlango wa chumba cha tatu. Sabufa inabeba dhambi za pasi na haijawahi kulalamika.

Hata sheria inaionea huruma. Tanzania ina kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, na kelele kwa kawaida hupimwa kwa kipimo cha A, kinachofuata usikivu wa sikio la binadamu. Sikio letu ni zito kwa sauti za chini, basi kwenye hezi 50 kipimo hicho kinakata desibeli 30 hivi kabla ya kuandika hesabu. Mama wa chumba cha nne anaweza kuhisi kitanda kinatembea, na mita ikaapa kwamba nyumba imelala.

Kwa ushahidi huo natoa pendekezo kwa wenye nyumba. Hesabu za wataalamu hukusudia kila aliyemo ndani ya chumba apate besi sawa. Na kuta zisipofika kwenye bati, chumba ni nyumba nzima na wasikilizaji ni wapangaji wote. Sabufa ya pili basi iandikwe kwenye mkataba kuwa huduma ya pamoja, kama bomba na choo. Na kwa kuwa huduma ya pamoja haifungwi wala kufunguliwa na aliyeinunua peke yake, rimoti ikae kwa mama wa chumba cha sita, mwenye mtoto wa wiki mbili. Mteja wangu hana pingamizi. Kijana wa chumba cha tatu ameomba muda wa kutafakari.